Shingo Isiyohisi Moto

Liau Kim-tok nimemnyoa kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo wote kilichonisumbua ni mdomo wake tu. Wateja wengine wakishakaa kitini wanasinzia. Tok alikuwa anaongea mpaka wembe unafika kooni. Nikimwambia, "Nyamaza, nitakukata," ananijibu kwa ile sauti yake nzito, meno ameyakaza: "Kata, Dada Suat, lakini fanya haraka, kabichi zangu zinanyauka."

Alikuwa dereva wa lori. Alipakia mboga kwenye soko la jumla hapa Siluo na kwenda kuzishusha Taipei, na njiani alitafuna tambuu ili asisinzie. Huku kwetu dereva asiyetafuna tambuu huulizwa kama anaumwa. Mdomo wake ulikuwa mwekundu tangu nilipomfahamu, na sijui ni mara ngapi alitema kwenye ndoo yangu ya nywele nikamfokea. Nilimfokea kwa ajili ya ndoo. Kwa ajili ya mdomo wenyewe sikuwahi kufungua kinywa, kwa sababu marehemu mume wangu alitafuna, baba yangu alitafuna, na mimi nilidhani wanaume ndivyo walivyo.

Kidonda kilianza chini ya ulimi. Alikaa nacho miezi minane akisema ni joto la mwili tu, akawa anakunywa chai ya majani machungu. Alipofika hospitali jijini walimkata kipande cha ulimi, wakatoa tezi zote za upande wa kushoto wa shingo, kisha wakampiga mionzi siku thelathini na tatu. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mke hakuwa naye. Yule aliyekuwepo alishaondoka zamani, na sikumlaumu, maana hata mimi nisingekubali kuolewa na lori. Alikuwa na mama yake tu, Bibi Liau, mwenye miaka tisini na moja.

Alirudi amepungua kilo kumi na tisa. Suruali ilikuwa inashikiliwa na kamba. Alikula uji wa mchele uliochujwa, na huo nao ulimchukua saa nzima. Baada ya miezi mitatu hivi nikaona kitu nilichodhani ni heri: mashavu yake yanajaa. Halafu kikatokea kidevu cha pili, kikubwa, laini, kinaning'inia chini ya kile cha kwanza. Mwili ulikuwa mifupa, uso wa tajiri.

Watu wa soko hawakumwacha. Kila alikopita walimpongeza. Ong, anayeuza mchuzi wa soya mlango wa pili kutoka kwangu, alimshika shavu mbele ya watu.

"Tok, saratani gani hii inayonenepesha? Nigawie na mimi kidogo."

"Njoo uchukue yote," Tok akamwambia. "Beba na kitanda cha hospitali."

Walicheka, naye akacheka. Alipokaa kwenye kiti changu nikaibonyeza ile nyama kwa kidole. Kidole kikaacha shimo, na shimo likakaa pale bila kujifukia. Mafuta hayafanyi hivyo. Nikamwambia arudi kwa daktari kesho yake, na kwa kuwa nilimjua, nikafunga duka nikaenda naye.

Kule hospitali tukapelekwa kwa mwanamke mmoja wa mazoezi ya viungo, watu wanamwita Mwalimu Koo. Mdogo kwa umbo, mkali kwa maneno. Alisema zile tezi walizotoa ndizo zilizokuwa mifereji ya maji ya mwili. Mifereji imekatwa, mingine imeungua kwa mionzi, sasa maji hayana pa kupitia, yanakaa chini ya kidevu. Yakikaa sana yanaganda, na nyama inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hairudi.

"Inapona lini?" Tok akauliza.

"Haiponi. Inatunzwa. Kila siku, maisha yako yote. Nyumbani nani atakusaidia?"

Tok akanionyesha kwa kidevu chake cha pili. "Huyu hapa."

"Mkeo?"

"Kinyozi wangu."

Mwalimu Koo hakucheka. Alinishika mikono, akaiweka kwenye shingo ya Tok, akanifundisha. Unaanza mbali: makwapani, kisha juu ya mitulinga, kisha kisogo, na uso unaumalizia. "Huwezi kusukuma watu kutoka chumbani kabla hujafungua mlango wa mbele," alisema. Na si kukanda. Unaivuta ngozi tu, polepole, halafu unaiachia. Nilipofanya akanipiga kofi mkononi.

"Mzito. Unakanda unga?"

"Ni mikono ya kinyozi, Mwalimu."

"Basi ipumzishe. Mguse kama unamgusa mtoto wa jana."

Kisha akatoa makatazo yake, nami nikayasikia yote, sikukosa hata moja. Alale kichwa kikiwa juu. Avae mkanda wa kubana wenye sponji ndani. Asinyolewe kwa wembe, mashine ya umeme tu, maana mkato mdogo unaweza kuingiza vijidudu na shingo hii haina askari wa kupigana navyo. Na asiwekewe kitu cha moto. Alichukua kalamu akamchoma Tok chini ya taya kwa ncha yake. Tok akawa anatazama dirishani.

"Umeona?" aliniambia. "Hapa hahisi. Ukimuunguza hatajua."

Daktari naye akampitisha kamera puani, akatuonyesha kwenye kioo. Ndani ya koo kumevimba vilevile, pamebaki kijia chembamba. Ikizidi hapo, alisema, itabidi watoboe tundu chini ya shingo apate kupumua.

"Nikitobolewa nitaongea?"

"Uvimbe ukiziba juu ya tundu, hewa haipandi. Sauti haitatoka."

Tok hakutania tena siku hiyo. Kwenye basi la kurudi tulipovuka mto akaniambia, "Dada Suat, mimi lazima nimwite mama."

Nilielewa. Kwetu jeneza linaposukumwa kwenye tanuri, mtoto humwita mzazi wake kwa sauti: moto unakuja, toka. Roho ikisikia inatoka kabla mwili haujashika moto. Bibi Liau alikuwa anaogopa moto kuliko kitu chochote. Alipokuwa binti mdogo alifanya kazi kwenye viwanda vya vigae, na mguu wake wa kulia ulikuwa na kovu la moto kutoka gotini hadi kifundoni. Miaka yote alitaka kuzikwa udongoni, lakini makaburi ya mji yamejaa na yamefungwa, kila mtu anachomwa. Mtoto wake mkubwa alishakufa. Amebaki Tok.

Na yule bibi alikuwa haoni tena, na masikio yalikuwa yameisha. Mimi nikimpigia kelele, mara nyingi anauliza kama mvua inanyesha. Ila Tok akiinama kwenye sikio la kulia na kusema kwa ile sauti nzito ya chini, anasikia kila neno. Kula, kuamka, kuoga, yote kwa sauti ya Tok. Nilikuwepo siku bibi alipomwambia Tok.

"Wewe ndiye utaniita. Akiita mtu mwingine sitoki."

"Mama, mimi nina saratani, labda utaniita wewe."

"Acha upuuzi. Nimesema utaniita."

Basi ndicho tulichopigania, shingo ile isifunge mlango wa sauti kabla ya mama yake kuondoka. Mambo mengine alishayaacha. Lori aliliuza. Tambuu aliacha, japo bado kila akipita kwenye kibanda cha tambuu alikuwa anageuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Kila asubuhi, kabla sijafungua duka, alikaa kwenye kiti changu cha pili, ninakilaza, ninafanya kazi dakika arobaini. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Usiku maji yanajikusanya, anaamka uso umefura na jicho la kushoto halifunguki vizuri. Nikimaliza anavaa ule mkanda, unazunguka kidevu na utosi, anatoka nao barabarani. Ong alimuuliza kama jino linamuuma. Alimjibu kwamba ameufunga mdomo ili asimtukane.

Nilimpima kwa futi ya fundi cherehani, sikio hadi sikio kupitia chini ya kidevu. Thelathini na moja na nusu. Baada ya miezi mitano, ishirini na tisa. Sentimita mbili na nusu kwa miezi mitano, na akipata mafua kidogo tu tunapoteza moja. Nilikuwa nachoka, nisidanganye. Kuna asubuhi nilimchukia anavyoingia, mkanda mkononi, kama deni. Lakini sauti ilikuwepo. Ilikuwa inakwaruza, ilikuwa imepungua, lakini kila siku alirudi nyumbani akaisema kwenye lile sikio na bibi akajibu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sipendi kuifikia.

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu hospitali, tarehe ishirini na nane ya mwezi wa mwisho wa kalenda yetu ya mwezi, siku moja kabla ya mkesha. Kabla ya mwaka mpya kila mwanaume lazima anyolewe, kwa sababu mwezi wa kwanza wembe haugusi kichwa. Duka langu siku hizo halina pa kukanyaga. Tok alikuja wa mwisho, saa kumi jioni, amevaa shati safi. Alikaa akasema anataka yote.

"Yote gani?"

"Kama zamani. Taulo la moto, sabuni, wembe. Miaka mitatu unaninyoa kwa kimashine kama unakata nyasi za shule."

"Mwalimu Koo amekataza."

"Mwalimu Koo hayupo. Dada Suat, mwaka mpya naingia na uso wa mwanaume au wa mgonjwa? Mara moja tu."

Ningekataa. Ningesema hapana, angenung'unika, ningemkata nywele akaenda zake. Lakini nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, na kila mwanaume aliyetoka pale siku ile alitoka anang'aa, na huyu mmoja ambaye shingo yake naijua kuliko yangu ndiye ningemtoa nusu nusu. Nilimhurumia. Nikaweka wembe pembeni, hilo nililikataa kabisa, nikamwambia wembe hapana, taulo tu. Nilijiona nina busara.

Nikalitoa kwenye mvuke, nikalikamua, nikalipima kwenye kiganja changu. Vuguvugu, nikaona. Ninachotaka mtu akielewe ni hiki: mikono yangu imekamua taulo za moto miaka arobaini na mbili. Haisikii. Sisi vinyozi wa zamani hatupimi kwa mikono yetu, tunapima kwa mteja. Taulo likiwa kali, mteja anaruka, anasema "Moto!", unaliinua, unalipepea, unalirudisha. Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote bila kufikiri.

Tok hakuruka. Nikamzungushia uso mzima na shingo, akatoa pumzi ndefu ya raha. Nikaenda kufagia nywele. Niliporudi alikuwa amelala, na nikamwacha, nikasema moyoni kapumzika maskini. Nilipolifungua, shingo ilikuwa nyekundu. Nikadhani ni damu imechangamka. Alijitazama kwenye kioo akajipapasa shavu.

"Huyu ndiye mimi," akasema. Akaenda nyumbani anapiga mluzi.

Kesho yake malengelenge yalitoka chini ya taya. Aliniambia baadaye, kwa maandishi. Aliyaona akayafunika kwa kola ya sweta, kwa sababu ilikuwa mkesha na mama alikuwa anasubiri chakula cha familia. Siku ya mwaka mpya hakwenda kwa daktari wala hakumeza dawa, maana anayemeza dawa siku hiyo ataumwa mwaka mzima, na yeye alishaumwa ya kutosha. Siku ya pili aliona aibu kuwa wa kwanza kumsumbua daktari. Siku ya tatu jirani yake alinipigia simu. Nilimkuta amekaa wima kitandani, ana homa, shingo imejaa hadi kwenye mitulinga, nyekundu, inang'aa. Kila akivuta pumzi ilikuwa inalia kama birika.

"Kwa nini hukuniita?" nikamuuliza.

"Sikutaka ujue," akasema, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake.

Walimtoboa siku ileile. Dawa za kuua vijidudu zilipita kwenye mshipa wiki mbili, homa ikashuka, lakini nyama ya shingo ilikuwa imeshaganda. Nilipoigusa niliijua. Ilikuwa ubao. Mwalimu Koo alipita kitandani akaniuliza ni kitu gani kimemuunguza. Nikamwambia. Aliibonyeza ile shingo kwa vidole, hapa na pale. Ningependelea anipige lile kofi.

"Endelea na mikono," akasema mwishowe. "Usiache."

"Sauti itarudi?"

"Endelea na mikono," akarudia, na hakunitazama.

Tok hakunilaumu hata siku moja. Alinunua ubao mdogo mweupe na kalamu ya kufutika, na kitu cha kwanza alichoniandikia kilikuwa: Nililiomba mwenyewe. Nilisoma nikaenda chooni nikalia. Angenitukana ningepata pa kushika.

Kilichobaki ni mama yake. Nilikwenda kila jioni kumsaidia kumlisha, na huko ndiko nilikoona nilichofanya. Tok alikuwa anapiga magoti pembeni ya kitanda, amemshika mama yake mkono, na bibi anauliza hewani, "Tok yuko wapi?"

Nikapaza sauti kwenye sikio la kulia, mara tatu, mpaka akashika. "Yuko hapa, Bibi. Huyu aliyekushika mkono."

"Wewe ni kinyozi. Nimekuuliza mwanangu."

Tok akauweka ule mkono wa mama yake usoni mwake. Akaupitisha kwenye pua, kwenye paji la uso. Vidole vya bibi vilishuka mpaka kwenye kidevu, vikakutana na ule uvimbe mgumu na bomba la plastiki, vikaondoka haraka.

"Huyu si Tok. Huyu nani mmemleta?"

Tok alisimama akaenda jikoni. Nikasikia hewa inaingia na kutoka kwenye tundu. Kulia kwenyewe hakukuwa na sauti. Bibi aliendelea kuuliza, mpaka nikamdanganya, nikamwambia Tok kapeleka kabichi Taipei.

"Bado yuko njiani?"

"Bado, Bibi."

"Mwambie aendeshe polepole."

Tangu siku ile Tok alikuwa njiani. Ukapita mwezi wa pili, wa tatu, na wa nne mama yake akafa akimngojea arudi kutoka Taipei, na Tok mwenyewe ndiye aliyekuwa akimbadilisha nguo kila siku. Bibi alifikiri ni mtumishi mpya. Aliwahi kumsifia kwamba ana mikono mizuri lakini ni bubu.

Kwenye kuchomwa tulikuwa watu kumi na wanne. Tok alivaa vazi la msiba la gunia, mwana pekee, mbele ya wote. Mwanamke wa makamo mwenye glavu nyeupe alisukuma jeneza mpaka mlangoni pa tanuri, akainama, akasema kama anavyowaambia wote, "Mwana wa kiume amwite."

Tok alifungua mdomo. Hewa ikatoka kifuani kupitia tundu, ikapiga mluzi. Akaziba tundu kwa kidole, akajaribu tena, uso ukawa mweusi kwa kujikamua, mishipa ikasimama kwenye shingo ile ambayo haitakiwi kukamuliwa. Hakuna kilichotoka. Akajaribu mara ya tatu. Yule mwanamke alisubiri kwa heshima, lakini nyuma yetu kulikuwa na familia nyingine na jeneza lao.

"Yeyote basi," akasema taratibu.

Mimi si ndugu yao. Wote walikuwa wanatazama viatu, nami nikasogea mbele nikaita. "Bibi Liau, moto unakuja. Toka. Toka haraka." Mlango ukashuka, nikaendelea kuita, mpaka yule mwanamke akanigusa mkono akaniambia, "Inatosha, mama, moto umeshawaka."

Nje palikuwa na benchi la saruji chini ya bati. Tok alikaa, akatoa ubao wake kwenye mfuko wa lile vazi la gunia, akaandika, akaniinulia.

Alisikia?

"Alisikia," nikamwambia.

Alinitazama. Akaufuta ubao kwa kiganja, akaandika tena swali lilelile.